Kisu Hakipewi Mkononi

Mume wangu ana sanduku limejaa visu, na mimi kitunguu nakikata kwa kisu butu ambacho hata nyanya inakicheka. Naanzia hapo ili ujue naishi na mtu wa namna gani. Wanasema kinyozi hajinyoi, sawa, lakini kinyozi hamkatazi mkewe kwenda kunyolewa kwingine. Mimi nikiazima kisu kwa jirani, Josias ananuna mpaka jioni. Eti nyumba yenye visu haiazimi kisu. Nikimwambia basi nipe kimoja cha humo sandukuni, ananitazama kana kwamba nimemwomba mtoto wa mtu nimpike.

"Hivyo si vya kazi, Monique," anasema.

Ni vya nini basi? Vya kupanguswa, vya kutiwa mafuta, vya kufunguliwa na kufungwa, ka, ka, ka, mpaka kichwa kinaniuma.

Josias anauza makoti ya mitumba upande wa Nakivubo, na makoti hayo ndiyo yaliyomharibu. Wateja wake ni watu wa bodaboda na walinzi wa usiku, maana nani mwingine anataka koti zito Kampala hii? Robota likifunguliwa, wenzake wanarukia koti zuri. Yeye anatia mkono mfukoni. Wazee wa Ulaya wanakufa, watoto wao wanagawa makoti bila kupapasa mifuko, na humo mnakutwa leso, peremende iliyogeuka jiwe, na mara mojamoja kisu kidogo cha kukunja. Pale sokoni wana desturi yao: cha mfukoni ni cha aliyepapasa. Wenzake wanaomba Mungu wakute dola. Josias anakuta kisu chenye kutu, anarudi nyumbani anaimba.

Alianza hivyo, baadaye akawa hana breki. Askari mstaafu akamuuzia kimoja cha jeshi chenye mwiba mnene wa kufungulia fundo. Kingine kina pete ya shaba mkiani. Kingine kina mpini wa mti wa rangi ya asali, ukizungusha shingo yake ya chuma kinajifunga, na kwa hicho nilikoseshwa usingizi wiki nzima kwa kuonyeshwa shingo. Husemwa mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Uongo. Nyumba yangu imejaa visu vikali na tunakula dagaa.

Lakini visu peke yake ningevivumilia. Kilichonitoa kijasho ni Jumamosi.

Jumamosi mchana Josias anatandika mkeka uani kwetu Nakawa, nje ya muzigo wetu, hicho chumba kimoja tunachopanga, na watoto wa ua mzima wanakuja kukaa. Wanamwita Jajja Visu, yaani babu wa visu, na jina hilo amelipenda kuliko alilobatizwa. Anawafundisha kunoa, kuchonga vijiko kutoka tawi la mparachichi, kutia mafuta kwenye kiungo. Mafuta ya nani? Yangu ya kupikia. Nanunua chupa, naigeuza kidogo tu, imeisha. Nimeyaficha nyuma ya gunia la makaa, wakayapata. Watoto waliofundishwa kutafuta kutu gizani watashindwa kuona chupa?

Na juu ya yote hayo, sheria yake. Kisu hakipewi mkononi. Unakikunja, unakiweka mkekani, unarudisha mkono wako, ndipo mwenzako anakiokota. Ukimpa mtu kisu mkono kwa mkono, mtagombana, na ugomvi wenyewe hauponi. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na baba yake huko Bukavu. Wale watoto walioshindwa kuisali Baba Yetu mpaka mwisho waliishika sheria hiyo siku ya kwanza. Mimi mwenyewe, miaka yote ya ndoa, nikitaka kumpa Josias kisu cha jikoni lazima nikiweke mezani kwanza. Nikisahau nikamnyoshea, anaficha mikono nyuma.

Si mchezo kwake, nami najua chanzo chake, ndiyo maana nilikuwa namwachia. Siku tuliyoondoka Bukavu, pale mpakani Ruzizi, watu wanasukumana na mizigo vichwani, Josias alimwachia mdogo wake Tresor kisu cha marehemu baba yao, kile cha mpini wa pembe ya ng'ombe. Hapakuwa na mahali pa kukiweka. Akampa mkononi. Baadaye mama yao akafa, sisi wakimbizi hatukuweza kwenda kuzika, Tresor akasema neno kwenye simu, Josias akajibu neno, na tangu hapo hawajazungumza. Josias anasema ni kisu. Mimi nasema ni midomo yao. Mimi na Annick, mke wa Tresor, tunapigiana kila Krismasi na kila akizaliwa mtoto, na kila mara anauliza, "Huyo mkubwa bado amekasirika?" Swali hilo nilikuwa nalimeza, namfikishia Josias salamu tu, maana jina la Tresor likitajwa mezani anaacha chakula.

Sasa sikia yaliyotupata.

Katika watoto wa mkekani alikuwapo Akwero, binti wa jirani yetu Abalo. Baba yake ni polisi, yuko kazini huko kaskazini, anakuja nyumbani kwa kubahatisha. Akwero yuko darasa la saba, msichana mkimya, mrefu, mwenye mikono isiyotetemeka. Josias alimpenda waziwazi, hata binti yetu Princesse akiwa mdogo hakuangaliwa vile. Siku Akwero alipomaliza kuchonga kijiko kisichomwaga supu, Josias alichukua kisu kidogo kuliko vyote, chenye mpini wa manjano, akakikunja, akakiweka mkekani mbele yake, akarudisha mkono. Mtoto hakukiokota mara moja. Alimwangalia kwanza kuhakikisha ni kweli. Nilikuwa nachambua mchele, nikajifanya sioni.

Mitihani ya darasa la saba ilipokuwa mlangoni, Abalo akaja kwangu mchana, kitenge kimefungwa kiunoni kama mtu aliyekuja kupigana.

"Mama Princesse, hii mzee yako imeniharibia mtoto," akasema. "Akwero wamefukuza shuleni."

Posho, ugali wa huku, ilikuwa jikoni. Nikaiepua, maana habari kama hiyo haisikilizwi huku unakoroga.

Akwero alikuwa amekwenda na kile kisu shuleni kuchongea penseli. Kabla ya hapo watoto walikuwa wakichongea kwa wembe, kila mmoja ana kipande chake kwenye kopo la jiometri, na shule yenyewe ndiyo inayoagiza wembe huo mwanzo wa muhula. Mtoto mmoja akajikata kidole, damu ikamwagika daftarini, basi Akwero akaona aheri kuwachongea wote kwa kisu chake. Mwalimu Zuleika akamkuta. Akamwambia alete hicho kisu. Akwero akakikunja, akakiweka sakafuni mbele ya miguu ya mwalimu, akarudi nyuma.

Nilishika kichwa. Wewe unaelewa mara moja, mimi nilielewa mara moja, lakini mwalimu angeelewaje? Hapa Buganda mtoto wa kike akimpa mkubwa kitu anapiga magoti, anatoa kwa mikono miwili. Hata kwao Abalo, hata kwetu Bukavu, huwezi kumwekea mwalimu kitu chini ukamwachia ainame. Mwalimu akasema okota unipe. Akwero akasema hawezi. Mwalimu akasema mara ya pili. Akwero akasema tena hawezi, na darasa zima likisikiliza. Akaambiwa aende nyumbani, asirudi mpaka aje na mzazi, tena aje na huyo aliyempa kisu.

Josias aliporudi na makoti yake begani nilimtolea uvivu. Nilisema yote, ya mafuta, ya mkeka, ya kitunguu, ya mtoto wa watu ambaye atakosa mtihani kwa sababu ya sheria ya marehemu. Aliketi kitandani akiwa bado amebeba makoti.

Asubuhi tukaenda: Abalo, Akwero, Josias na mimi. Mimi sikuitwa, lakini ningemwacha Josias aende peke yake angeanza kuwaeleza habari za kutu.

Tulikaribishwa ofisini kwa madam mkuu. Kile kisu kilikuwa mezani. Mwalimu Zuleika alisimama karibu na dirisha, amefunga shela yake vizuri, uso umekaza. Alikulia kambini kwa baba mwanajeshi, kwa hiyo Kiswahili anakijua, na alitueleza bila kutuficha.

"Nimefundisha miaka mingi," akasema. "Watoto wamenitukana, wamenikimbia. Hakuna aliyewahi kunitupia kitu chini kama mbwa anavyotupiwa mfupa."

Nilikuja pale nimejiandaa kumchukia, nikashindwa.

Josias akaanza kueleza sheria yake. Jamani. Akaanzia kwa babu wa babu yake. Nikamkanyaga mguu, akaruka vizazi viwili, akafika kwa baba yake. Madam mkuu alisikiliza, kalamu mkononi, kisha akasema kwa upole kwamba kila nyumba ina mila zake, lakini shule pia ni nyumba.

"Jambo ni dogo," akasema. "Achukue kisu hapo, apige magoti, ampe mwalimu wake mkononi, aombe msamaha. Kisu kitabaki hapa. Yeye arudi darasani leo leo."

Abalo akashusha pumzi. Nami nikashusha. Kwisha, nikasema moyoni, nitawahi soko.

Akwero akakichukua kisu. Akapiga magoti mbele ya Mwalimu Zuleika. Halafu akaganda.

"Siwezi, madam," akasema. "Nikimpa mkononi tutagombana."

"Mmeshagombana," akasema madam mkuu.

"Huu utaisha," akasema Akwero. "Ule hauishi."

Abalo akaanza kumfokea kwa Kiacholi. Mtoto machozi yakamtoka, lakini mkono haukusogea. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunawaambia kila siku. Basi huyu amesikia, na guu ndilo hilo linavunjika. Nikamgeukia Josias. Neno moja tu lilihitajika. Mpe. Mtoto angempa. Na huyo mzee amekaa anatazama sakafu. Haki ya Mungu nilitamani kumpiga na mkoba.

"Baba Princesse," nikasema, "mtoto anakungoja wewe."

Akasimama. Nilidhani anatoka nje. Akaenda akainama mbele ya Akwero, akafungua kiganja chake.

"Nipe mimi," akasema.

Mtoto akamwangalia. "Jajja, mkononi?"

"Mkononi."

Akwero akakiweka kisu kwenye kiganja chake. Niliuona mkono wa Josias ukishtuka kana kwamba umeguswa na kaa la moto. Kisha yule mtu, na magoti yake mabovu, akapiga magoti pale kwenye saruji kando ya mtoto, akamnyoshea Mwalimu Zuleika kisu kwa mikono miwili.

"Kosa ni langu, Mwalimu," akasema. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Kama kuna ugomvi, uwe na mimi."

Mwalimu Zuleika hakujua aangalie wapi. Mzee amempigia magoti, hiyo nayo ni aibu nyingine. Akakichukua upesi, akamshika Josias kiwiko, akamwinua. Akwero akaomba msamaha kwa sauti ya kusikika, akapewa mkono, akaenda darasani akijifuta pua kwa mkono wa sweta.

Njiani nilimsifu mume wangu. Sifanyi hivyo mara nyingi, kwa hiyo nilitaka asikie.

"Umefanya vizuri," nikasema.

"Nimekipokea kutoka mkononi mwake," akasema.

"Ndiyo, halafu?"

"Utaona."

Niliona nini? Niliona ujinga. Jumamosi ikaja, hakutandika mkeka. Watoto wakaja, akawaambia anaumwa. Jumamosi nyingine akabaki Nakivubo mpaka soko likafungwa. Sanduku akalisukuma chini ya kitanda. Mafuta yangu yakaanza kukaa kwenye chupa, nami nikagundua sifurahii. Akwero akipita uani na ndoo ya maji, Josias anaingia ndani. Akimsalimu, anaitikia huku amegeukia ukuta. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anaukwepa ugomvi, asipokuwa karibu na mtoto hautapata pa kuingilia. Nilimwambia nimeolewa na kichwa maji. Akasema ngoja, hukuyaona ya Tresor? Hapo nikachukua beseni, nikaenda kufua.

Mitihani ikafanyika. Akwero akaandika yote. Jumamosi iliyofuata alikuja mlangoni kwetu amevaa gauni la kanisani, amebeba kijiko kipya alichokichonga. Josias alikuwa uani. Alipomwona mtoto anakuja, unajua alikwenda wapi? Alijifungia chooni. Mtu mzima, ana wajukuu.

Akwero akatandika mkeka yeye mwenyewe. Akaketi. Akaweka kijiko mbele yake. Akangoja. Mimi nilikuwa na kitunguu changu na kile kisu butu, namwangalia yeye, naangalia mlango wa choo, hasira inanipanda taratibu. Mwishowe mtoto akaja jikoni.

"Mama Princesse," akasema, "Jajja amenikasirikia?"

Niliweka kisu chini.

Nilivuka ua, nikapiga ule mlango wa bati kwa kiganja. "Josias," nikamwita, jina lake tupu, watoto wakisikia.

"Kuna mtu," akajibu.

"Najua kuna mtu, ndiye ninayemtaka. Sikiliza. Huyu mtoto ameniuliza kama umemkasirikia. Umemkasirikia?"

"Hapana."

"Basi sikiliza la pili. Kila nikiongea na Annick, miaka yote hii, ananiuliza swali hilo hilo. Huyo mkubwa bado amekasirika? Sikukwambia kwa sababu ulikuwa unaacha chakula. Leo hujala, kwa hiyo nakwambia. Mdogo wako anangoja, wewe umejificha. Mtoto anangoja, wewe umejificha. Hicho kisu hakijakata kitu, Baba Princesse. Ni wewe unayekata, halafu unasingizia kisu."

Mpangaji wa chumba cha mwisho alisimama na kata yake ya maji, anataka choo. Nikamkata jicho, akarudi ndani.

Mlango ukafunguliwa. Josias akatoka, macho mekundu, hakunitazama. Alienda mkekani, akaketi mahali pake. Akakiokota kijiko cha Akwero, akakigeuza, akapapasa ukingo wake kwa kidole gumba.

"Huku umechonga kinyume cha uzi wa mti," akasema.

"Nilikosa mtu wa kuniambia," akasema Akwero.

Josias akakiweka kijiko pajani. Kisha akatoa simu yake mfukoni, akaiweka mkekani mbele yangu, akarudisha mkono. Mpaka simu. Ningecheka siku nyingine. Nikaiokota, nikabonyeza namba ya Annick, ninaijua kwa moyo. Nikamwambia mpe mume wako, usiulize kitu. Nikafungulia sauti, nikairudisha mkekani.

Tulimsikia Annick akisema, shika. Tulisikia kuku wa watu huko Bukavu, na mlango.

"Tresor," akasema Josias.

"Kaka."

Wazee wawili wanapumuliana kwenye salio letu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niwasaidie, Tresor akakohoa.

"Kile kisu cha baba," akasema, "kimeanza kushika kutu pale kwenye kiungo. Nakifuta kila Jumapili lakini kinarudia. Wewe huwa unatia mafuta gani?"

Josias akaweka mkono mdomoni. Mabega yakaanza kumtikisika, na mimi nikageuka kutazama nguo kwenye kamba.

"Ya kupikia," Akwero akaiinamia simu. "Tone moja tu. Halafu unakifungua na kukifunga mpaka yaingie."

"Huyo nani?" akauliza Tresor.

"Mwanafunzi wangu," akasema Josias, sauti imemrudia. "Ngoja, usikate. Ngoja nilete sanduku, nikueleze vizuri."

Nikarudi jikoni. Kitunguu kilikuwa pale pale nilipokiacha, nusu kimekatwa, nusu kizima. Huku nyuma nasikia, ka, ka, ka, na Josias anamfafanulia mdogo wake habari za shingo ya mpini wa rangi ya asali, na Tresor anauliza maswali, mjinga mwingine. Baada ya muda Akwero akasimama mlangoni.

"Mama Princesse, Jajja anaomba mafuta."

Nikamtolea chupa nyuma ya gunia la makaa. Nikampa nzima, mkononi.